Njiwa wa Oreste

Asubuhi ile ilikuwa ya kawaida tu pale Roma. Ersilia alikuwa jikoni akichagua maharage. Mumewe, Settimio, alikaa dirishani akikata nyuzi za kioo vipande vidogo kama punje za mchanga, akivipachika kwa kibano kwenye gundi ya mafuta. Alikuwa anatengeneza bizimu, pambo la kubana nguo kifuani, lenye picha ya njiwa wanne wanaokunywa maji. Wageni walizipenda mno bizimu hizo. Walikuja, wakashangaa magofu, wakaondoka na Roma kifuani bila kujua imemla nani.

Ilimla Oreste, kaka yake Settimio. Oreste alipopofuka kwa kazi hiyo hiyo, Settimio alimpeleka nyumba ya maskini, asiende kumtazama hata mara moja. Akafia huko. Mafundi wa mtaa ule walizikwa na nyuzi walizovuta wenyewe motoni, lakini Settimio alizibakiza zile za kijivu za Oreste, maana rangi ile hakuna mwingine aliyeiweza.

"Mzike na vitu vyake," Ersilia alimsihi.

"Maiti haoni rangi," akajibu.

Sasa njiwa mmoja, aliyepachikwa macho ya kijivu hicho, akakutwa hana jicho.

"Umegusa kazi yangu?"

"Niguse na mikono hii ya maharage?"

Settimio akapachika jicho jingine. Kesho yake, njiwa wawili. Ersilia akagusa pale palipong'olewa. Gundi ilikuwa na joto.

Siku hiyo mumewe akaanza kulalamikia ukungu machoni.

"Ni Oreste," Ersilia akanong'ona. "Ng'oa hizo za kijivu, tumrudishie."

"Na huyo Mwingereza aliyeagiza bizimu akija nimpe nini? Tutakula nini?"

Akaendelea kupachika. Ersilia alimchukia, na alimhurumia.

Adhuhuri moja, jua limejaa mezani, Settimio akauliza, "Mbona umefunga dirisha?"

Dirisha lilikuwa wazi. Njiwa wote wanne walikuwa na macho. Ersilia alipopita, yalimfuata.

Yule Mwingereza akaja, akaichukua bizimu yake, akasema njiwa wamependeza, utadhani wako hai.

Fundi kipofu hana kazi. Akiba ikaisha, majirani wakachoka. Ersilia akamshika mumewe mkono hadi nyumba ya maskini, akilia njia nzima. Sista wa mlangoni hakuuliza hata jina.

"Kitanda kiko tayari. Kaka yake alipita asubuhi kumwekea."

"Kaka gani?"

"Yule kipofu. Hapa anapajua vizuri."

Ersilia akafunua shuka. Kwenye mto palikuwa na alama za vidole vitano, za gundi ya mafuta, bado mbichi.