Noti ya Dharura

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kwenye kibanda chake cha kushona, mama aliuliza swali lilelile.

"Kidoti, ile noti ipo?"

Noti hiyo ilikaa ndani ya jalada la daftari la kliniki la Chiriku, mdogo wake Kidoti mwenye pumu. Ilikuwa ya dharura tu.

"Ipo, mama," Kidoti alijibu, akijifanya anatafuta kiatu chini ya kitanda.

Haikuwapo. Jumatano aliitumia kununua bando la intaneti na vibanio vya nywele. Akajifariji: simu ya nyumbani ina pesa. Nani siku hizi anahangaika na noti?

Jumamosi saa nne, wakiwa nyumbani, Chiriku alikuwa akisimulia mechi ya darasa lao, mdomo haufungi. Ghafla akanyamaza. Mabega yakapanda, mbavu zikaanza kubonyea, kifua kikapiga mluzi. Kidoti alikitikisa kipulizio cha mdogo wake cha dawa ya pumu. Kilikuwa kitupu! Akampigia mama. Simu haikuita. Akambeba mdogo wake mgongoni, akavuka barabara mbio hadi duka la dawa.

Mfamasia, kijana mwenye miwani, alitoa kipulizio kipya haraka. Kidoti akabonyeza namba ya siri kwenye simu. Kiduara kikazunguka, kikazunguka. *Imeshindikana.* Akajaribu tena. Kando yake bibi mmoja alikuwa akichomeka kadi kwenye mashine kwa mara ya tatu.

"Mtandao umekatika mji mzima," mfamasia alisema. "Huna hata noti moja, mdogo wangu? Mwenye duka amenikataza kabisa kukopesha."

Kidoti alitaka kusema imepotea njiani. Akamtazama Chiriku. Midomo ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu.

"Mama aliniwekea," alisema. "Nimeila mimi. Hata yeye hajui. Nisaidie kaka, nitamwambia mwenyewe!"

Mfamasia alitoa pochi yake mfukoni, akatia noti zake kwenye droo ya duka, akapiga magoti mbele ya mtoto. "Kaa wima, bwana mkubwa. Vuta… shikilia… haya, tena."

Dakika zilikwenda taratibu mno. Hatimaye mluzi ukapungua, na Chiriku akaomba maji.

Mama alifika akihema, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Jirani aliyewaona wakivuka barabara alikuwa amemkimbilia kibandani. Kidoti alimweleza yote, bila kupunguza neno. Mama alimrudishia mfamasia pesa yake, akamshukuru, kisha akakaa kwenye benchi.

"Simu ni nzuri, mwanangu," alisema. "Mimi mwenyewe wateja wananilipa kwa simu. Lakini siku ikigoma, mkono usiwe mtupu. Kukatika kwa mtandao si kosa lako. Hata noti ingesameheka. Ila kila asubuhi nimekuuliza, na ungesema kweli mara moja tu, ningeweka nyingine. Nilikwenda kazini nikiamini Chiriku yuko salama, kumbe hayuko."

Kidoti aliinamisha kichwa, machozi yakamdondoka.