Jani la Juu Halili Bure

Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, Bibi alichukua kisu na kikapu akaingia shambani. Magoti yalimuuma, lakini nani angethubutu kumwambia apumzike?

"Nikikaa kitako nitakuwa mla bure," alisema. "Mimi si pambo la nyumba hii."

Kazi yake ilikuwa kumtafutia mbuzi majani. Mbuzi huyo, aliyeletwa nyumbani mwaka uliopita, aliitwa Shangazi, kwa sababu hakuna jambo la nyumbani asilolisemea. Ngano ikishatoa masuke, Bibi alipita mstari kwa mstari akikata majani ya juu, mapana na laini. Shangazi aliyapenda kuliko nyasi.

"Suke likishatoka, majani yana kazi gani tena?" Bibi aliuliza. "Yanakula bure tu."

Hakuna aliyembishia. Bibi alilima ngano kabla wote hawajazaliwa.

Lakini mwaka uliopita punje zilikuwa nyembamba. Msaga unga alizitazama akauliza kama wamemletea ngano au pumba. Mwana wa Bibi, fundi baiskeli, akaulaumu udongo. Unga uliisha miezi miwili kabla ya mavuno mapya. Mkewe akawa ananunua kidogo kidogo, na mikate ikazidi kuwa midogo.

Miezi hiyo Bibi alikuwa akisukuma sahani yake kwa wajukuu. "Nimeshiba," alisema. Mkwe wake aliiona mikono yake ikikonda. Alijua kuwa mama mkwe anadanganya, na uongo ule ulimuuma kuliko njaa yenyewe.

Safari hii mkwe hakungoja. Masuke yalipoanza kujaa, alimwita bibi shamba, mtaalamu wa kilimo. Alikuja na baiskeli isiyo na breki, akasimama kwa kuburuza viatu. Fundi alitikisa kichwa, akaanza kuitengeneza bila kuulizwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Bibi shamba alitembea shambani. "Mbona mistari hii ya karibu haina majani ya juu?"

Mkwe alitazama chini. Angesemaje, amwaibishe mama mkwe wake mbele ya mgeni?

"Niliyakata mimi, wiki mbili zilizopita," Bibi alijibu. "Kuna ubaya?"

"Na kule kwenye mfereji hukukata?"

"Kule magoti hayafiki."

Bibi shamba alichuma suke moja karibu na nyumba, na jingine kule kwenye mfereji. Aliyafikicha, akapuliza makapi, akamwekea Bibi punje, hizi mkono wa kushoto, hizi wa kulia.

"Bibi, wewe mikono yako imezoea. Zipi zimejaa?"

Bibi alizigusa kwa kidole gumba. Za kushoto zilikuwa zimesinyaa. Za kulia, zilizotoka kwenye mfereji, zilikuwa nene. Akazigusa tena.

"Labda udongo wa kule ni mzuri," fundi alisema.

"Twende pale katikati," alijibu bibi shamba. "Mstari wa mwisho uliokatwa, na ule wa kando yake usiokatwa." Walichuma tena. Tofauti ilikuwa ile ile.

"Jani ndilo jiko la mmea," bibi shamba alieleza. "Linachukua mwanga wa jua, hewa na maji ya mizizini, linapika chakula. Suke likishatoka, punje zinahitaji chakula kingi ili zijae. Jani la juu liko karibu na suke, na linapata jua vizuri. Ndilo mpishi mkuu. Bua na suke vikiwa bado kijani navyo hupika, lakini vyenyewe tu haviwezi kuzishibisha punje zote."

"Kumbe namfukuza mpishi wageni wakiwa wamekaa!" Bibi alicheka kidogo, kisha kicheko kikakatika. Aliketi ukingoni mwa shamba. "Basi njaa ya mwaka jana niliileta mimi. Wajukuu zangu wamelala na njaa kwa kisu changu."

Mkwe alipiga magoti akamshika mkono. "Mama, hakuna aliyejua. Kikapu si tulikuwa tunakipokea wote?"

"Na Shangazi atakula nini?" Bibi aliuliza.

"Nyasi za mferejini na za kando ya njia," alisema bibi shamba. "Watoto watakata. Mkishapura, mpeni na mabua makavu. Majani ya ngano yaacheni mpaka yakauke yenyewe."

"Na mimi?" Sauti ya Bibi ilikuwa ndogo. "Mimi nitafanya nini?"

"Wewe utawalinda wapishi. Pita kila asubuhi, utazame majani ya juu. Ukiona unga wa rangi ya kutu unaobaki kidoleni, huo ni ugonjwa. Unaua majani kabla ya wakati. Niite siku hiyo hiyo."

Msimu uliofuata halikukatwa hata jani moja. Bibi alipita na fimbo yake, akikagua kama mwalimu mkuu. Asubuhi moja alirudi na kidole chenye rangi ya kutu. Bibi shamba alifika siku hiyo hiyo, safari hii akiwa na breki. Aliwaonyesha dawa na kipimo chake, na kutu haikuenea.

Walivuna punje nene. Msaga unga alizichota, akakosa la kutania.

Miezi ikapita. Ule wakati wa kuishiwa unga ulipofika, pipa lilikuwa bado na unga. Jioni moja Bibi alimaliza mkate wake, akakung'uta makombo, akaishika sahani. Mkwe alisubiri kusikia, "Nimeshiba."

"Niongezee kipande," Bibi alisema. "Mlinzi naye anakula."

Mkwe aligeuka haraka kukata mkate, wasimwone akilia.