Akaunti ya Pilipili Imesimamishwa

Kila asubuhi kabla ya kengele, Pilipili alipitia chumba cha kompyuta kusoma barua pepe ya mama yake, aliyekuwa muuguzi katika nchi ya mbali. Jina hilo la Pilipili alipewa na wenzake kwa sababu ya ukali wa ulimi wake. Asubuhi hiyo kioo kilimwambia: "Akaunti hii imesimamishwa."

Akaenda moja kwa moja kwa fundi wa kompyuta, mwanamke mpole aliyekaa kwenye kona yenye feni na nyaya tele.

"Dada fundi, nifungulie. Sijafanya kitu."

"Hata salamu hakuna?"

"Shikamoo. Nifungulie."

"Marahaba. Jana akaunti yako ilimwaga barua za zawadi za uongo shule nzima. Hata mwalimu mkuu ameahidiwa gari."

Pilipili hakucheka. "Sikutuma mimi."

"Nakuamini. Nani mwingine anaijua nywila yako?"

"Hakuna," alijibu, macho makavu.

Huo ulikuwa uongo. Darasani kwao, marafiki wa kweli walipeana nywila zao. Aliyeficha yake aliitwa bahili. Ya Pilipili alikuwa nayo Chiriku, mwenzake wa dawati moja.

Fundi akashusha pumzi. "Sikiliza, mdogo wangu. Akaunti ikisimamishwa, barua bado zinaingia, ila wewe huwezi kuzisoma wala kutuma. Sasa mwalimu mkuu ameagiza kwamba nisipojua mwizi aliingiaje, leo mchana niifunge kabisa. Ikifungwa, barua za mama yako zitagonga mwamba na kumrudia."

Pilipili aliinua kidevu. "Funga basi. Mimi simchongei mtu."

"Kumbe yupo," alisema fundi taratibu. "Jina sijaliomba. Nakuuliza wewe ulifanya nini."

Pilipili alikaza miguu sakafuni. Alimfikiria mama yake akiletewa barua zake mwenyewe, moja baada ya nyingine, kama mtu aliyekataliwa na mwanawe.

"Niligawa nywila yangu," alisema. "Kosa hilo ni langu, na nilikudanganya. Lakini jina silitoi, hata mkinisimamisha mimi badala ya akaunti."

"Inatosha," alisema fundi. "Sasa najua mwizi alipopatia njia." Akabonyeza hapa na pale, kisha akamsogezea kibodi aweke nywila mpya.

Chiriku, aliyekuwa amejibanza mlangoni, akaingia kichwa chini. "Ni mimi, dada fundi. Kuna ukurasa uliahidi simu ya bure, nikajaza nywila yake. Yangu niliionea huruma."

Pilipili alimtazama kwa jicho ambalo lingeweza kuchemsha maji.

"Nisamehe, mwenzangu," alinong'ona Chiriku. Kisha akainama karibu. "Sasa hiyo mpya ni ipi?"

"Sikupi."

"Darasa zima litakuita bahili."

"Waniite. Nikitoka hapa nakwenda kuwaambia wote wabadilishe zao. Anayetaka kununa, anune."

Fundi alitabasamu. "Leo ulimi huo umepata kazi ya maana. Umemtunza rafiki, na kosa lako umelikubali. Hayo mawili hayagombani. Ila ufunguo wa mlango wako haugawiwi, mdogo wangu, hata kwa umpendaye. Anayekupenda kweli hatauomba."

Pilipili aliifunika kibodi kwa mkono mmoja, akaandika kwa kidole cha mkono mwingine. Akaunti ikafunguka. Barua ya mama ilikuwa ndani, ikimngoja.