Redio Koli ya Kilimani

Ijumaa, jioni.

Vitus alichora ranchi kwa mkaa juu ya meza, kwenye chumba cha nyuma cha kilabu cha Adela, Sumbawanga mjini. Zizi hapa. Barabara ya Mpui huku, ndiko fuso lingesubiri. Katikati kilima. Simu hazishiki upande wowote.

"Kwa hiyo redio koli," alisema. "Umeleta zipi, Kalisti?"

Kalisti aliwahi kuwa mlinzi wa kampuni, ndiyo maana kazi ya kununua alipewa yeye. Aliweka tatu mezani. Akaeleza kuwa zile ndogo za bei chee boksi lake linasifia kilomita nyingi, ila ni za kwenye majengo, siyo porini. Hizi nzito zina nguvu, na betri yake inashinda siku nzima. Alizijaribu na shemeji yake Bundala. Palipo wazi zilisikika vizuri. Kilima kikikaa katikati, kimya.

"Sasa?"

"Mmoja akae juu. Atawasikia wote wawili, apeleke maneno huku na huku."

Vitus alitia alama ya mkaa juu ya kilima. "Utakaa wewe."

Bundala, Msukuma aliyemuoa Bertilla, dada yake Kalisti, alikuwa amekaa pembeni yake. Alichukua redio yake, akaitia ndani ya koti. Aliwahi kuchunga kwenye ranchi ile, na ng'ombe waliujua mluzi wake.

Jumapili, saa tatu asubuhi.

Watu wa ranchi walikuwa misani. Upepo ulikata masikio. Kalisti alilala kifudifudi kwenye nyasi za kilimani, akaona yote. Bundala alimfunga mlinzi aliyebaki. Akaswaga kundi la kwanza, akalizungusha chini ya kilima, wakapandishwa kwenye fuso bila purukushani. Akarudi kufuata la pili.

Ndipo pikapu ya ranchi ilipotokea kwenye njia ya kanisani, imejaa vijana, inaelekea zizini.

Kalisti alimwambia Vitus redioni, kule kwenye fuso.

"Ng'ombe nilio nao wanatosha," Vitus alijibu. Redio ilikoroma. "Usimshtue Bundala. Akikimbia atawaleta huku. Mwambie njia nyeupe, alete waliobaki."

Kalisti alijitafuta moyoni. Hofu, hasira, chochote. Palikuwa kama fizi iliyopigwa ganzi.

Redio ikaita tena, safari hii kutoka bondeni.

"Shemeji, huko vipi?"

Hakuna mwingine aliyeisikia sauti ile. Kalisti alibonyeza kitufe.

"Njia nyeupe. Lete waliobaki."

"Haya, shemeji."

Bundala alifungua lango. Pikapu ikamkuta langoni. Vijana waliruka, wakamzunguka, fimbo zikawa zinapanda na kushuka. Mbali vile kelele zisingefika, lakini mkono wa Bundala ulikuwa umeng'ang'ania kitufe, na kila pigo lilipita redioni. Kalisti hakuizima. Alisikiliza mpaka ilipokata.

Alishuka upande wa barabara. Alikuta kinyesi kibichi cha ng'ombe na alama za matairi pale fuso lilipokuwa. Vumbi lilikuwa limeshafika mbali, upande wa Sumbawanga. Alimwita Vitus mara mbili. Kilima hakikuwa katikati yao tena, na bado hakujibiwa.

Akakaa ukingoni mwa barabara, redio mkononi. Angeweza kukimbilia kwenye mashamba ya ulezi. Hakuona sababu ya kuinuka.

Pikapu ilimkuta palepale. Mzee mwenye rungu alishuka kwanza.

"Shikamoo," Kalisti alisema.

"Marahaba," mzee aliitika kwa mazoea, kisha akamwambia alete mikono.

Walimfunga, wakamsukuma nyuma. Bundala alikuwa amelala kwenye bati, uso umevimba, jicho moja tu linafunguka. Alimtambua. Akakunja miguu taratibu ili shemeji yake apate pa kukaa.

"Pole, shemeji," alisema. "Na wewe hukuwaona."

Kalisti alisema ndiyo, hakuwaona. Pikapu ikaondoka.