Manasseh na Pembe ya Gramafoni

Mwaka 1971, katika kilima cha Manga, aliishi mtu ambaye hakuweza kutulia. Jina lake lilikuwa Manasseh Omwenga. Akikaa, goti lake lilicheza. Akisimama, alitembea. Hata chakula alikula huku anachungulia mlangoni. Mkewe, Nyaboke, alisema kiti cha mumewe kitadumu miaka mia, kwa sababu hakina kazi.

Mwaka huo Manasseh alikuwa na sababu. Kanisani kwao, kwa Waadventista, mchungaji aliuliza, "Nani ataleta jirani kwenye makambi yetu ya ibada ya Agosti?"

Wengine waliinua mkono mmoja. Manasseh aliinua miwili.

"Nitaleta nyumba nzima ya Thadeus Machogu," alisema. "Na mbwa wao, akitaka."

Kanisa lote lilisema amina. Machogu hakusema kitu, maana hakuwapo. Yeye alikuwa Mkatoliki, kama baba yake. Shamba lake la chai lilipakana na la Manasseh. Njia ya kwenda chemchemi ilipita katikati ya migomba yake. Kwa miaka kumi na mmoja, Nyaboke na Mong'ina, mke wa Machogu, waliteka maji pamoja kila asubuhi.

Siku zilibaki ishirini. Manasseh akaanza kazi.

Alikuwa na pembe ya gramafoni. Gramafoni yenyewe ilikufa zamani, lakini pembe ilikuwa nzima. Kila alfajiri alipanda juu ya kichuguu, akaelekeza pembe nyumbani kwa Machogu, akasoma kitabu cha Ufunuo kwa sauti kubwa. Alipenda hasa yule mnyama mwenye vichwa saba. Jogoo wa Machogu aliacha kuwika. Huenda aliona kazi yake imepata mtu mwingine.

Jumapili Manasseh alifanya makubwa zaidi. Alisimama langoni kwa Machogu wakati familia ile ilipokuwa inatoka kwenda Misa.

"Jirani, mmekosea siku!" alipaza sauti. "Siku ya Sabato ilikuwa jana!"

Mong'ina aliwavuta watoto wake. Machogu alivua kofia, akaitazama, akaivaa tena. Akaifuata familia yake.

Jumatatu Nyaboke alirudi na debe tupu.

"Njia imefungwa," alisema.

"Imefungwa na nini?"

"Na miiba. Machogu ameikata tangu asubuhi. Mong'ina ameniona, akatazama chini. Mong'ina! Aliyempokea mtoto wangu wa kwanza, Jemimah, mikononi mwake!"

Manasseh alitazama mbinguni. "Haya ndiyo mateso kwa ajili ya imani."

"Mateso ya nani?" Nyaboke aliuliza. "Wewe umewahi kubeba debe?"

Njia nyingine ilizunguka bonde lote, na mteremko wake ulikuwa wa utelezi. Siku ya tatu Nyaboke alianguka, akarudi na tope tu.

"Kesho utateka wewe, Baba Jemimah," alisema. "Nenda na pembe yako. Labda maji yatakusikia, yapande yenyewe."

Alhamisi jioni alifika mgeni. Alikuwa Esnah, mwinjilisti wa vitabu. Alitembea nyumba kwa nyumba, kutoka Nyamache mpaka Manga, na mfuko wa vitabu begani. Alijua milango mingi, na mbwa wengi. Manasseh alimweleza habari zote, huku akizunguka chumba.

"Mzee, kaa," Esnah alisema.

"Siwezi. Siku zimebaki chache."

"Basi zunguka, lakini nijibu. Umemwambia Machogu mambo mengi. Umemuuliza nini?"

"Kuuliza nini?"

"Chochote. Watoto wake wanaendeleaje? Huombea nini? Anaogopa nini?"

Manasseh alisimama kidogo. "Lakini Bwana alisema tutakuwa wavuvi wa watu!"

"Hakusema tuwapigie samaki kelele."

Nyaboke alicheka mpaka akaweka sufuria chini.

"Nisikilize, mzee," Esnah aliendelea. "Mimi nikifika kwa mtu, nabisha hodi. Akisema hana nafasi, namshukuru, naenda. Akinikaribisha, nasikiliza kwanza. Siisemi vibaya ibada yake. Ana Mungu anayemwomba, na ana mama aliyemfundisha kuomba. Akiniuliza, namwambia Mungu amenitendea nini mimi. Maneno machache. Na akikataa, kesho namsalimia vilevile."

"Na nikimsaidia kazi, si atakuja makambi?"

"Ukimsaidia ili aje, hicho ni chambo. Msaidie kwa sababu ana shida. Na shida anayo. Nimepita kwake sasa hivi. Panga lilimkata kiganja alipokuwa anakata ile miiba. Mkono umeshonwa. Mong'ina anachuma chai peke yake, mtoto mgongoni. Kesho ni siku ya kupeleka chai kituoni, ikapimwe na kununuliwa. Majani yakikosa kuchumwa kesho, yatakomaa, na karani wa mizani atayakataa."

"Umeyajuaje haya yote?"

"Niliuliza."

Manasseh alikaa. Nyaboke alishtuka, akadhani ni mgonjwa.

Asubuhi ya Ijumaa, pembe ilinyamaza. Manasseh, Nyaboke na Esnah walisimama mlangoni kwa Machogu na vikapu vitupu. Machogu alitoka, mkono umefungwa kitambaa.

"Bwakire, Machogu," Manasseh alisalimu. "Nimekukosea. Nilikupigia kelele, na nikaidharau ibada yako. Mkono huo umeumia kwa sababu yangu. Tunaomba tukuchumie chai."

"Pembe iko wapi?"

"Nyumbani."

Machogu alichungulia nyuma ya Manasseh ili ahakikishe. "Haya," alisema.

Walichuma majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mpaka alasiri. Mong'ina na Nyaboke walianza kwenye mistari tofauti ya michai, wakamalizia kwenye mstari mmoja, bega kwa bega. Manasseh alipata taabu. Kila alipofungua mdomo ahubiri, Esnah alikohoa. Alikohoa siku nzima.

Baadaye Manasseh alibeba kikapu cha Machogu mpaka kituoni. Foleni ya mizani ilikuwa ndefu, na haikusogea. Manasseh alitazama foleni, akatazama jua. Alihamisha uzito mguu huu, kisha mguu ule. 

"Nenda nyumbani," Machogu alisema.

"Hatujapimiwa. Na mkono wako?"

"Karani ana mikono miwili. Jua likizama, Sabato yako imeingia. Miaka kumi na mmoja nakuona kila Ijumaa ukikimbiza ng'ombe nyumbani kabla ya jua. Nenda!"

Manasseh alisimama pale kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Machogu," alisema polepole, "Misa yenu huanza saa ngapi?"

"Saa tatu. Tunatoka nyumbani saa mbili na nusu. Ndiyo maana alfajiri tunapenda kulala."

"Sikujua."

"Najua hukujua. Njoo Jumapili jioni. Utaniambia kwa nini jua hili linakukimbiza hivi. Bila pembe."

Manasseh alienda mbio. Jumapili jioni alibisha hodi. Alisikiliza kwanza, goti lake likicheza. Machogu alimweleza jinsi alivyomwombea mtoto wake wa pili alipokuwa mahututi. Kisha Manasseh aliulizwa, akaeleza kwa maneno machache Mungu alivyomtoa katika ulevi, na kwa nini Sabato ni siku yake ya kumshukuru. Wakasali pamoja, kila mmoja kwa namna yake. Kesho yake miiba ilikuwa imeondolewa.

Wakati wa makambi, Machogu na Mong'ina walikuja alasiri moja. Walikaa nyuma, wakaimba, wakarudi nyumbani. Jumapili walienda Misa.

"Uliahidi nyumba nzima, na mbwa," mchungaji alimwambia Manasseh.

"Mbwa alikataa," Manasseh alijibu. "Lakini mlango uko wazi. Na sisi tumealikwa kwao Krismasi."

Tangu hapo waumini wa kanisa lile walijifunza kubisha hodi, na kuuliza kabla ya kusema. Majirani wengine walikuja kuwasikiliza, wengine hawakuja. Wote walisalimiwa.

Na pembe? Machogu mwenyewe aliiomba. Aliipachika kwenye jiwe la chemchemi, mdomo mpana ukapokea maji, mdomo mwembamba ukayamwaga ndani ya debe. Debe lililokuwa likijaa kwa robo saa sasa lilijaa upesi. Nyaboke na Mong'ina waliteka pale kila asubuhi, wakipiga soga.

"Siku hizi pembe ya mume wako inasema vizuri," Mong'ina alisema.