Kipande cha Tumboni mwa Kobe

Baba alirudi na pakiti ya vijiti vya kuchomelea mkononi, akaingia kwenye banda la nyuma ya nyumba, na kabla hajaiweka chini akajua ameibiwa. Fremu ilikuwa palepale alipoiacha, imefungwa minyororo kwenye nguzo, jeki bado imeisukuma ubavuni. Lakini chini ya kiti, upande wa kushoto, bomba lilikuwa limekatwa huku na huku, na kipande cha kama shibiri moja hakipo.

Ilikuwa fremu ya Kobe. Ndivyo kijana wake alivyoiita ile pikipiki yake ya magurudumu manne, maana ilipanda vilima polepole lakini ilifika. Mwezi uliopita Kobe alipinduka kwenye barabara ya machimbo, na kijana, mtoto wao wa pekee, hakuinuka tena. Nyuma yake palikuwa na lori la kokoto. Baba alisema lori lilimgonga. Dereva alisema halikumgusa. Trafiki walipiga picha, wakarudisha vyuma nyumbani, na kesi ya dereva ilikuwa isikilizwe Jumatatu.

Baba akaamua kuinyoosha fremu mwenyewe, kidogo kidogo. Mikunjo ya kuanguka ikishaondoka, alisema, pale patakapobaki pamebonyea patakuwa pa bampa ya lori, naye atapapima mbele ya hakimu. Usimcheke. Mtu aliyefiwa hushika kazi anayoijua.

Mpelelezi aliyekuja, kituoni walimwita Taratibu, na si kwa kumsifu. Alichuchumaa kando ya fremu mpaka magoti yakamlia.

"Ulitoka saa ngapi, mzee wangu?"

"Saa nane. Dukani hawakuwa na vijiti vyembamba, nikazunguka sana. Nimerudi saa kumi."

"Unamshuku nani?"

"Dereva. Kuna mwingine? Kasikia naunyoosha ushahidi, kaja kuukata."

Taratibu alipitisha kidole kwenye mkato. Ulikuwa mkato wa msumeno wa mkono, na kwenye ukingo palibaki utando mweupe, unateleza. Akaunusa.

"Wewe ukikata, msumeno unaupaka nini?"

"Oili. Kila fundi anapaka oili."

"Na hapa palipokatwa palikuwa na nini?"

"Hapo? Palikuwa na kiungo tu. Mwaka jana kijana alitaka nafasi ya kufunga kreti nyuma, nikairefusha fremu. Nikakata, nikatia bomba, nikachomelea. Hapo hapana cha kuiba, afande."

Mama alikuwa uani akianika nguo. Alisema hakusikia lolote, na akaendelea kuanika.

Jirani, mshonaji ambaye cherehani yake ilikaa upande wa pili wa ukuta wa banda, alikuwa na maneno zaidi. "Grenda ya kukatia chuma sikuisikia, na ningeisikia, ile inatoboa masikio. Nimesikia redio ya mama tu. Tangu mazishi haijawahi kulia, leo kaifungulia mpaka mwisho. Nikasema afadhali, jirani yangu anaanza kupoa."

"Hukuona mtu akiingia?"

"Yule mnunuzi wa vyuma chakavu alipita na mkokoteni wake. Lakini yule, afande, angepata nafasi angebeba fremu, minyororo na jeki. Na wewe ukichelewa anakubeba."

Taratibu alicheka kidogo. Kweli, mwizi wa vyuma haachi vyuma.

Taratibu alimkuta dereva kwake, yuko nje kwa dhamana, amekaa kwenye ngazi ya mlango kama mgeni kwenye nyumba yake. Aliposikia kilichotokea akashika kichwa.

"Mimi niibe? Nimesema kila mahali, ile pikipiki ilikatika yenyewe mbele ya macho yangu. Ilijikunja katikati, kijana akaruka, nikafunga breki. Fremu hiyo ndiyo shahidi wangu pekee. Nikiiharibu, nani ataniamini?" Mkewe, mimba yake imeshakuwa kubwa, alitoka akamwekea mkono begani.

Njiani Taratibu aliwaza. Bampa ya lori haifiki chini ya kiti. Kwa hiyo aliyekata hakuwa anaficha alama ya bampa. Alikitaka kiungo chenyewe. Na nani anakiogopa kiungo?

Kesho yake asubuhi alirudi, akaishikashika fremu mpaka mikono ikawa myeusi kwa grisi. Akamwacha baba bandani, akaenda uani kuomba maji. Mama akammiminia kwa kopo na kumpa kipande cha sabuni. Taratibu akasugua, akashtuka. Sabuni ilimkwaruza kiganja.

Akaigeuza. Ukingoni palikuwa na mifereji myembamba iliyopangana, na ndani yake unga wa kijivu unaong'aa.

"Mama, nani alikufundisha kupaka sabuni kwenye msumeno?"

Kopo lilibaki hewani. Mama angeweza kukataa, lakini tayari alikuwa amechoka.

"Yeye. Tulipooana oili ilikuwa anasa. Alikata, mimi nikishika bomba na kupaka sabuni. Yeye aliacha zamani, mimi ndiyo njia ninayoijua."

"Na redio?"

"Sabuni inapunguza kelele. Haizimalizi."

Aliingia chumba cha mtoto, akatoka na kitu kilichoviringishwa kwenye shati la kijana. Taratibu alikifunua. Ufa ulikuwa umezunguka bomba karibu lote, kando kando ya uchomeleaji. Sehemu kubwa ilikuwa nyeusi kwa kutu ya zamani. Sehemu ndogo tu ilikuwa na mpasuko mpya. Kobe alikuwa ameanza kukatika miezi mingi kabla lori halijafika.

"Nilikuwa namsaidia kusugua tope, nikauona," mama alisema. "Macho yake siku hizi hayaoni karibu, na upande wa chini alikuwa hajaufikia. Ningefanya nini? Mtoto nimeshamzika. Huyu akijua ni mkono wake, nitamzika na yeye."

"Na dereva angefungwa."

"Najua."

"Mkewe ni mjamzito."

"Nalijua hilo pia, nilimwona mahakamani. Ndiyo maana nimeshindwa kukitupa. Jana nimekwenda kwenye shimo la taka nikarudi nacho. Nikaenda tena, nikarudi nacho." Akafuta uso kwa kanga. "Roho inaniuma, afande. Inaniuma huku na huku."

Baba alikuwa amesimama kwenye mlango wa banda. Hakuna aliyejua ameanza kusikia wapi. Alikuja, akakichukua kile kipande, hakukitazama. Alipitisha kidole gumba juu ya uchomeleaji, akafika kwenye ufa, akasimama hapo.

"Alikuwa na haraka siku ile," alisema. "Kaniambia, baba inatosha, upande wa chini utamalizia siku nyingine. Nikasema sawa."

"Ni ajali, mume wangu."

"Ni mimi, mama yake. Ni mimi."

Taratibu alikiviringisha kipande upya ndani ya shati. Alisema anakwenda kwa dereva moja kwa moja, na kwamba mama atahitajika kituoni kutoa maelezo, kuficha ushahidi si jambo dogo, lakini atakuja kumchukua yeye mwenyewe.

"Mwambie dereva nakuja kumwomba radhi," baba alisema. "Asije yeye. Nitakwenda mimi."

Kisha akaushika mkono wa mkewe, akaufungua. Kiganja kilikuwa kimejaa malengelenge, mengine yamepasuka.

"Umekatia ule msumeno butu?"

"Mpya sikuuona."

"Uko nyuma ya mlango," alisema. "Siku zote uko nyuma ya mlango."

Alichukua kopo, akammiminia maji mkononi taratibu. Mama akanyoosha mkono wa pili kuchukua sabuni.

"Siyo hiyo," baba akasema. "Hiyo ina chuma, itakuumiza."

Akaingia ndani kutafuta nyingine. Walimsikia akifungua makabati, moja baada ya jingine, akipekua. Kisha akaacha kupekua, akalia.