Bamba Ndani ya Tangi

Mambo haya yalimpata rafiki yangu Kemunto, Mkenya anayekagua nyumba za mazishi hapa Johannesburg. Asubuhi moja alitumwa Randburg, kwenye kampuni iliyoomba kibali cha kuyeyusha maiti kwa maji moto na dawa badala ya kuzichoma.

Mwenye kampuni, Bwana Wilbroad, alimwingiza kwenye chumba kisicho na dirisha, mbele ya tangi refu la chuma.

"Halijatumika hata mara moja, dada. Tunasubiri kibali chenu."

Kemunto hakumwamini, maana sakafu ilikuwa na unyevu. Kabla hajauliza, umeme ukakatika. Gizani akasikia maji yakizunguka polepole ndani ya tangi, na kitu kigumu kikigonga pembeni, ngo, ngo.

"Hiyo ni nini?"

"Mimi sisikii kitu," Wilbroad akajibu.

Umeme uliporudi, Kemunto akamwamuru afungue. Tangi lilikuwa kavu kabisa. Chini kulikuwa na bamba dogo la chuma, lile ambalo madaktari hulitumia kuunga mfupa uliovunjika. Maji yale huyeyusha nyama, chuma hubaki.

"Eish, sijui limetoka wapi," Wilbroad akasema.

Kemunto akajua amemkamata. Akanakili namba iliyochongwa kwenye bamba, akampigia Emmy, nesi wa chumba cha upasuaji, amtafutie ni la mgonjwa gani.

Emmy alimjibu mchana. "Kemunto, huu ni mzaha? Hilo ni bamba tulilokuwekea wewe mguuni, mwaka juzi."

Kemunto akainama, akapapasa mguu wake. Chini ya ngozi bamba lilikuwa palepale, na lilikuwa la moto.